Kirusi cha batobato hakitagi mayai

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe jambo moja katika makala yenu ya kilimo kuhusu batobato, ugonjwa wa virusi wa muhogo, iliyoeleza kwamba virusi huzaana ndani ya jani kama wadudu wengine, na kwamba mkulima akiwahi kupulizia dawa, mayai yao hufa. Hapa Muheza, ambako muhogo ndio futari na ndio akiba ya wakati wa njaa, kauli hiyo inamgharimu mtu fedha.

Kirusi hakitagi, wala hakijigawi kama bakteria. Nje ya seli hakili wala hakikui. Ni vinasaba, yaani maelekezo ya urithi, vilivyofungwa katika ganda la protini, basi. Nzi mweupe anapofyonza utomvu na kukiingiza katika seli ya jani, vinasaba huachana na ganda na kufika kwenye kiini cha seli. Kirusi cha batobato kina vipande viwili vya DNA, kemikali inayobeba vinasaba, kila kimoja chenye herufi za maelekezo zipatazo 2,800, na urefu huo hautoshi kubeba maelekezo ya mitambo yote ya kujinakili. Kwa hiyo huagiza protini chache tu, ambazo huilazimisha seli iliyokwisha kukomaa ianze tena kunakili DNA kana kwamba inataka kugawanyika, na vimeng'enya vya muhogo wenyewe, yaani protini zinazoendesha kazi za seli, ndivyo vinavyonakili vinasaba vya mgeni. Ribosomu za muhogo, yaani viwanda vya protini ndani ya seli, hutengeneza protini za maganda mapya, na nakala hupenyezwa seli hadi seli kupitia vijitundu vya kuta zake. Nilipokuwa nikifundisha, nilikifananisha kirusi na mpangaji anayetumia jiko, kuni na mpishi wa mwenye nyumba. Siku hizi naona mfano ule ulikipa kirusi akili kisiyo nayo.

Dawa ya wadudu, basi, humwua nzi, lakini haigusi kilichokwisha kuingia katika shina, na mkulima akikata pingili katika shina hilo anaupanda ugonjwa mwenyewe. Kinga ni pingili safi, kung'oa miche yenye dalili mapema, na mbegu zinazostahimili, kazi ambayo watafiti wa kituo cha Amani, hapo juu milimani, waliianza tangu miaka ya 1930 kwa kuchanganya muhogo na jamii yake ya mwituni.

Naomba sahihisho litoke kabla ya masika, kwa sababu mwenye duka la pembejeo aliyenionyesha makala hiyo ameibandika ukutani, juu ya chupa za dawa.

Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga