Bastola ya jukwaani iwe ya karatasi, na ifuate vipimo

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na walimu wa sanaa, vikundi vya maigizo na vijana wa kwaya wa hapa Mwanza kuhusu kifaa kimoja kinachoharibu maonyesho mengi. Kifaa hicho ni bastola. Mara nyingi inanunuliwa ya plastiki, inayong'aa mno chini ya taa. Wakati mwingine anatokea mtu akashauri iazimwe ya kweli kwa mwenye leseni, "mradi haina risasi". Ushauri huo ukataliwe papo hapo. Oktoba 2021, huko New Mexico, Marekani, mpigapicha Halyna Hutchins aliuawa katika maandalizi ya filamu kwa bastola ya kweli ambayo watu walikuwa wameambiwa ni salama. Bastola ya karatasi haimlazimu mtu yeyote kuuliza kama ndani kuna kitu.

Tuchukue mfano wa igizo la historia yetu wenyewe, Waingereza walipoiteka Mwanza Julai 1916. Ofisa wa Kiingereza wa wakati huo anafaa kushika Webley Mk VI, bastola ya silinda iliyoanza kutumika jeshini mwaka 1915. Urefu wake ni milimita 286, mtutu inchi 6, yaani milimita 152, matundu ya silinda 6, na uzito kilo 1 na zaidi kidogo. Umbo lake linamfaa anayejenga kwa karatasi kwa sababu sehemu kubwa ni mirija, na mrija ndio kitu ambacho karatasi hukifanya vizuri kuliko kingine chochote.

Mahitaji si mengi: karatasi za A4 za gramu 80 zipatazo 10, majalada magumu ya kaunta buku yenye unene wa milimita 2, manila moja, gundi nyeupe ya mbao robo lita, kijiti cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 10, mshumaa, wembe mpya, rula ya chuma na msasa. Boksi lenye mawimbi ndani tusilitumie. Ukilikata, mawimbi yanaonekana ukingoni, na ukilibana linabonyea. Maboksi ya minofu ya samaki nayo yanapatikana kirahisi kwetu, lakini yaliyopakwa nta hayashiki gundi ya maji. Yanaonekana yameshikana jioni, kesho yake tabaka zinaachana kama maganda ya kitunguu.

Anzeni na silinda, kwa kuwa ndiyo inayoamua vipimo vya sehemu nyingine zote. Kuna siri ya jiometri hapa: mirija sita yenye kipenyo sawa huuzunguka mrija wa saba wa kipenyo hichohicho bila kubaki nafasi. Kwa hiyo mirija yote saba itoke katika mrija mmoja. Paka kijiti nta ya mshumaa, kisha viringisha karatasi tatu za A4, moja baada ya nyingine, kijiti kikilala sambamba na upande mrefu wa karatasi. Gundi iwe nyembamba, ivutwe kwa ukingo wa kadi. Karatasi tatu huleta mrija wa milimita 13 na nusu hivi, wenye urefu wa milimita 297. Ukikata vipande saba vya milimita 40 unatumia 280, na zile 17 zinazobaki ni za kusawazisha ncha. Wanaoviringisha kila kipande peke yake hushangaa kwa nini wa mwisho hauingii. Mkono haukazi kwa nguvu ileile mara saba, na tofauti ya nusu milimita inatosha kuharibu duara.

Chomoa kijiti baada ya dakika kama 20, mrija ungali na unyevu. Karatasi iliyoloa husinyaa inapokauka, nayo itakishika kijiti kisitoke tena. Wakati wa kukata kirudishe ndani, uuzungushe mrija chini ya wembe polepole. Ukikandamiza mrija mtupu unapondeka. Karatasi ikikunjika mikunjo midogo wakati wa kuviringisha, angalia uelekeo wa nyuzi zake. Chana kipande cha pembeni: upande inakochanika kwa mstari ulionyooka ndiko nyuzi zinakoelekea, na kijiti kilale sambamba nazo.

Gundisha mirija sita kuuzunguka wa katikati, jaza mabonde yaliyo kati yao kwa karatasi laini iliyokandwa na gundi, halafu zungushia ukanda wa manila mara nne. Utapata silinda ya milimita 42 au 43. Tundu la katikati ni njia ya mhimili, na kijiti kilekile ndicho mhimili. Usikitie gundi, kipake nta, silinda izunguke kwa kidole. Mtazamaji wa safu ya tatu akiiona inazunguka, ameshaamini.

Kiunzi ni tabaka nane za jalada gumu, jumla milimita 16. Chora umbo la ubavu kwa ukubwa kamili kwenye karatasi ya miraba, na dirisha la silinda liwe na urefu wa milimita 42 ili silinda ya 40 ipate nafasi ya kuzunguka. Kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote liko hapa: mtutu unawekwa kuelekea katikati ya silinda. Bastola ya silinda haiko hivyo. Mtutu unatazamana na tundu la juu, kwa hiyo mstari wa katikati wa mtutu uko juu ya mhimili kwa kipenyo kimoja cha mrija, yaani milimita 13 na nusu. Ukikosea hapo, hata mtu asiyejua silaha atahisi kuna kitu hakijakaa sawa, ingawa hawezi kukitaja.

Tabaka ziwekwe kwa kupishana uelekeo wa nyuzi, la sivyo kiunzi kinapinda. Weka ubao juu yake na mawe mazito kwa saa 24. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, ziwe saa 48, na usigundishe mvua ikiwa inanyesha. Hewa ya ziwani hujaa maji na karatasi huyanywa.

Mtutu ni mrija mwingine wa namna ileile, uliokatwa milimita 152 na kunenepeshwa kwa manila hadi milimita 18, na ukanda mwembamba wa jalada juu yake. Uzibwe kwa karatasi na gundi kuanzia milimita 10 ndani ya mdomo hadi mwisho. Kiberiti, fataki, baruti na kitu chochote cha kusukuma visiingie katika kifaa hiki, kwa sababu yoyote ile. Mlio utoke kwenye spika, nyuma ya pazia.

Kazi nzima haifiki hata robo kilo, na mkono wa mwigizaji hulitangaza hilo: anaishika kama kalamu. Acha uwazi ndani ya kishikio, jaza nati za chuma gramu 100 hivi, zimwagie gundi zisigongane. Wengine hutumia chubwi za nyavu. Hizo ni za risasi, madini yenye sumu, hasa kwa watoto, kwa hiyo zibaki kwenye nyavu.

Kabla ya msasa, paka gundi iliyozimuliwa kwa maji nusu kwa nusu, iache ikauke kabisa. Karatasi tupu ikisuguliwa huota manyoya. Piga msasa namba 150, paka tena, malizia na 320. Rangi iwe nyeusi isiyong'aa, kisha sugua unga wa penseli laini kwa pamba kwenye kingo na kwenye silinda, mahali ambapo chuma cha kweli huchakaa kwa kushikwa. Vanishi mara mbili, nyembamba, siku ya jua. Uji wa unga wa ngano ni rahisi na unashika, ila mende na panya wa stoo wataufuata, na mtakuta kishikio kimeliwa.

Kikishafanana hivyo, kifaa hiki kinaweza kumwogopesha mtu barabarani au kumfanya askari achukue uamuzi wa haraka. Nje ya jukwaa mdomo wa mtutu uvikwe pete ya karatasi ya rangi ya chungwa, inayovuliwa pazia linapofunguliwa tu. Kisafirishwe ndani ya boksi lililofungwa na kuandikwa jina la kikundi, kisichomekwe kiunoni wala kutolewa ndani ya daladala kwa mzaha. Mazoezi yakifanyika uwanjani, ofisi ya serikali ya mtaa na kituo cha polisi cha karibu wapewe taarifa mapema, wakionyeshwa kifaa chenyewe. Mtu mmoja akabidhiwe ufunguo wa boksi, naye akihesabu kabla na baada ya kila onyesho.

Wako,
Watengenezaji wa vifaa vya jukwaani,
Nyegezi, Mwanza