Barua kwa mwanangu: wenzio wapeleke Pangani

Mwanangu,

Huku Tanga wote wazima, babako mguu umepoa, anakusalimia. Meseji yako nimeiona, kwamba likizo hii unakuja na wenzio wa chuo na mnataka bichi yenye muziki na watu. Sawa, Raskazone ipo na haihami, ila siku moja nipe mimi, wapeleke Pangani. Na usianze na lile neno lako la "Pangani hakuna kitu mama", kwani wewe kila ukienda si unashuka kwenye gari, unakula samaki, unapiga picha, umerudi? Pangani utembee kwa miguu bwana.

Mkifika waulizeni wavuvi maji yanakupwa saa ngapi. Yakitoka ufukwe unakuwa mpana mnajiendea tu, watu wachache, hakuna wa kuwasumbua. Lakini pale mto unapoingilia baharini msioge, mkondo wake hauna masihara, na huko juu mtoni kuna mamba, siwatishi, ndo ukweli. Simameni tu mtazame maji ya tope yanavyosukumana na ya chumvi. Hayo yametoka Kilimanjaro na Meru huko, yakapita Nyumba ya Mungu, yakazalisha umeme Hale, ndo yanafika hapa.

Halafu mfuate mto mwingie mjini, mpite Boma na yale majumba ya zamani ya wafanyabiashara wa Kihindi, mengine yanabomoka jamani inauma. Hapo ndo uwape habari za Abushiri bin Salim, maana shuleni mlipewa aya moja mkakimbilia Majimaji, mi naona haitoshi kabisa. Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilikuja kupandisha bendera yao hapo hapo Pangani, ishike na ushuru wa forodha, watu wakakataa, Abushiri akawa mbele, pwani ikawaka mpaka Bagamoyo, kampuni ikashindwa ikabidi serikali yao imlete ofisa wao wa jeshi, Wissmann, na askari, na mwishowe Abushiri akakamatwa akanyongwa Pangani 15 Desemba 1889. Mnatembea palepale yalipotokea, sio kitabuni. Na kabla ya hapo mji huu ulipitisha pembe za ndovu na watumwa, hilo nalo waambie, msilirukeruke kwa sababu mko matembezi.

Mkiwa na nguvu vukeni mto mwende Bweni, ng'ambo ya pili. Najua siku hizi habari zote ni za daraja jipya la mita 525, lakini kuvuka kwa chombo, upepo unakupiga, minazi ng'ambo unaiona inakuja, mi sibadilishi. Upande huo ndo kuna Kikogwe, mkonge wa nchi hii ulianzia huko 1893, Mjerumani Hindorf alileta miche kutoka Florida ikapona 62 tu, babu yako alikata mkonge maisha yake yote na hajawahi kuambiwa hilo na mtu.

Maziwe waacheni safari nyingine, kile kisiwa kinataka boti na siku yake.

Tokeni Tanga asubuhi, ni kama kilomita 50, mchukue kofia na maji ya kunywa. Na uniambie mko wangapi, na kama kuna asiyekula pweza nijue mapema.

Mamako