Barua ya wazi kwa Waziri wa Rasilimali za Maji wa Uzbekistan

Mheshimiwa Waziri,

Salamu. Mimi si raia wa nchi yako na sina kura ya kukupa wala kukunyima. Nakuandikia kuhusu Bahari ya Aral kwa sababu wizara yako ndiyo yenye mifereji, na kila mgeni mkubwa anayepelekwa Moynaq, mji uliokuwa pwani ya bahari hiyo, huonyeshwa meli zilizokwama mchangani. Ban Ki-moon alizitazama mwaka 2010, António Guterres mwaka 2017, kila mmoja akiwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Laiti wangeonyeshwa mifereji.

Meli zile zinasikitisha, sikatai. Mwaka 1960 Aral ilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani, kilomita za mraba zipatazo 68,000, na Moynaq ilikuwa bandari yenye kiwanda kikubwa cha samaki wa makopo. Maji yalipoukimbia mji na chumvi ikawamaliza samaki, wakubwa wa Kisovieti hawakutaka kiwanda kisimame. Wakaagiza samaki waliogandishwa kutoka bahari za mbali, wakasafirishwa kwa treni maelfu ya kilomita hadi kwenye nchi kame, watiwe makopo na watu ambao baba zao walikuwa wakivua hatua chache kutoka mlangoni. Fedha ya nauli ya samaki ilipatikana. Nia ya kuurudisha mto haikupatikana.

Mto ulikuwa umekwenda kwenye pamba. Amu Darya na Syr Darya, mito miwili iliyoilisha Aral, ziligawanywa mashambani, na Mfereji wa Karakum, ulioanza kuchimbwa mwaka 1954, ukapitishwa jangwani bila kusakafiwa, mchanga ukinywa sehemu yake kabla ya mkulima kuona tone. Wapangaji walijua bahari itapungua. Walipiga hesabu wakaona pamba ina faida kuliko samaki, basi. Ndiyo maana sipendi kusikia Aral ikitajwa kama janga la asili.

Ila hesabu ile haikuhesabu chumvi, na hapa naomba nikucheleweshe kidogo. Shamba likimwagiliwa kupita kiasi, maji ya ardhini hupanda. Yakikaribia juu, jua huyavuta, yanakauka, chumvi inabaki kwenye udongo kama unga mweupe. Kabla ya msimu wa kupanda, mkulima hulazimika kulijaza maji shamba zima ili aioshe. Maji hayo ya kuoshea ni mengi, na yakitoka shambani yamebeba chumvi na dawa za pamba. Mengine yanarudi mtoni na kumfikia aliye chini ya mto, ambaye naye ataosha shamba lake kwa maji machafu zaidi. Mengine yanamwagwa kwenye mabonde, na ndiyo yaliyolikuza ziwa la Sarykamysh. Kwa hiyo maji ya Aral hayakuyeyuka yote hewani. Sehemu yake imelala mahali pengine, na haina faida kwa mkulima wala mvuvi.

Wanaolipa ni watu wa Karakalpakstan, eneo la nchi yako lililo kusini mwa Aral. Sakafu ya bahari imekuwa jangwa, Aralkum, na upepo ukivuma huinua vumbi lenye chumvi na mabaki ya dawa za miaka ya Kisovieti. Madaktari wa huko wamezoea magonjwa ya kifua na upungufu wa damu kwa kina mama. Hata majira yamebadilika: bahari ilikuwa ikipunguza makali ya joto na ya baridi, sasa kiangazi kinaunguza zaidi na baridi inauma zaidi. Bahari yenyewe imegawanyika vipande, na mwaka 2014 beseni la mashariki la kipande cha kusini lilikauka kabisa.

Utaniambia Kazakhstan imefaulu. Kweli, bwawa la Kok-Aral, ukuta unaozuia maji ya kipande cha kaskazini, lilipokamilika mwaka 2005, maji ya kaskazini yalipanda haraka kuliko wahandisi walivyotarajia, chumvi ikapungua na samaki wa maji baridi wakarudi. Lakini ile ni sehemu ndogo, na ina Syr Darya inayofika. Upande wako unategemea Amu Darya, ambayo miaka mingi haifiki. Ukuta bila mto haukusanyi kitu.

Nchi yako imepanda saksauli, miti midogo ya jangwani, kwenye eneo kubwa la sakafu ile. Nasifu kazi hiyo bila kejeli, maana mizizi yake hushika mchanga na vumbi hupungua. Lakini miti inapendeza kwenye picha na haimkasirishi mtu yeyote, ilhali kumpunguzia mkulima maji kunakasirisha wengi. Serikali yenu yenyewe imekiri kwamba zaidi ya theluthi ya maji ya kilimo hupotea kwenye mifereji ya udongo. Hilo ndilo shamba lako, Mheshimiwa.

Halafu kuna Qosh Tepa. Tangu 2022 Afghanistan inachimba mfereji wa kilomita 285 kutoka Amu Darya hiyohiyo. Wana haki ya kunywa mto unaopita kwao, na hawamo kwenye mkataba wa Almaty wa 1992 ambamo nchi tano za Asia ya Kati ziligawana maji. Kuwalaumu kwa kuchimba mchangani wakati mifereji yenu inavuja ni vigumu kidogo.

Ninayoomba ni matatu. Chapisha kila mwezi, kwa kila mfereji mkubwa, kiasi kilichoingia na kiasi kilichofika mashambani, ili mkulima wa Karakalpakstan ajue maji yake yamebaki kwa nani. Maji yatakayookolewa kwa zege na kwa umwagiliaji wa matone yatengewe delta ya Amu Darya kisheria, kwa kiwango kilichoandikwa, la sivyo yatafungua mashamba mapya ya pamba huko juu. Na wape wahandisi wa Afghanistan ujuzi wa kusakafia mfereji wao sasa, hata kama mazungumzo ya mgao yatachukua miaka.

Mgeni mkubwa mwingine akija, mpeleke kwanza kwenye mfereji mmoja wa udongo, na umwonyeshe vipimo vya mwanzo na vya mwisho.

Wasalaam,
Msomaji anayefuatilia habari za Aral