Usinunue mashua, tununue barafu

Lamu, Langoni

Kwa swahibu yangu,

Assalaam aleikum. Barua yako imenifika salama, pamoja na khanga ya mama. Kashaivaa harusini, na kila anayeisifu huambiwa imetoka kwa nani, kwa hiyo jina lako mtaani sasa liko juu kuliko la mbunge.

Tuje kwenye la mashua. Wasema umejiwekea akiba huko Mombasa na wataka tununue chombo na mashine, mimi nisimamie, tugawane. Nimelifikiria sana. Usinunue chombo.

Mgao waujua, haujabadilika. Chombo kikirudi zinatolewa kwanza gharama za safari: petroli, barafu, chakula cha mabaharia. Kinachobaki ndicho kinachofanywa mafungu, la chombo, la mashine, la nyavu, kisha ya watu. Ukihesabu hivyo ukiwa umekaa kibarazani, mwenye chombo anakula vizuri. Lakini hiyo ni hesabu ya kaskazi, bahari ikiwa shwari. Kusi ikishaanza kuvuma, bahari ya nje haiingiliki kwa vyombo vyetu vidogo, watu wanabanana huku ndani kwenye mikoko, na petroli inanunuliwa kwa bei ile ile.

Na huku ndani si kule tulikokuwa tukirusha mishipi utotoni. Bandari mpya imechimbiwa mkondo mle mle walimokuwa wakivua wazee wetu. Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, na meli zikipita hakuna anayetega mbele yake. Mwaka 2018 Mahakama Kuu kule Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Ile siku hapa uwanjani Mkunguni palikuwa na shangwe kama ya Maulidi. Baadaye yakaja ya rufaa, vikao, fidia nyingine iwe vifaa badala ya pesa, mpaka watu wakachoka kuuliza. Kabla ya hapo, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014, tulikuwa tumeshapigwa marufuku kuvua usiku kwa miaka. Mvuvi wa jarife, ule wavu mkubwa unaotegwa usiku, bila usiku anavua nini? Wengi walikopa wakati huo, na deni lile ndilo linalowala mpaka leo.

Hapo ndipo ninapotaka unielewe. Samaki hapa bado wako. Pesa yake ndiyo inayopotelea nchi kavu. Mwezi uliopita nilivuka kwenda Kizingitini, kisiwani Pate, kwa shughuli zangu, nikakaa pwani kungoja vyombo. Ikaingia mashua moja na kolekole wazuri, changu, na kamba wale wakubwa wa mwambani ndani ya gunia lililorowa. Kamba wakaondoka mara moja, maana kamba akiwa hai ana bei yake na akifa ana bei nyingine. Samaki wakabaki. Barafu ilikuwa imewaishia tangu baharini. Mchuuzi akaja bila haraka, akamfunua kolekole shavu, akatazama ule wekundu, akanyamaza. Akazunguka, akanunua maji, akarudi. Jua likapanda. Alipotaja bei, nahodha hakubishana hata neno. Na kesho yake nikamwona kolekole wa namna ile ile hapa sokoni kando ya ngome, bei ambayo nahodha yule angeisikia angelia.

Usimlaumu mchuuzi peke yake, naye petroli ya kuvuka anainunua. Mbaya ni tajiri aliyekukopesha nyavu na mashine kwa sharti umuuzie yeye tu. Huyo hata kukupunja hana haja ya kujificha, mizani ni yake. Tukinunua mashua mimi na wewe, ama tutakuwa matajiri wa namna hiyo, jambo ambalo sitaki kusimama nalo mbele ya watu ninaoswali nao, ama tutapanga foleni kwa hao hao.

Rai yangu ni friza kubwa mbili na masanduku ya barafu, tuanzie Faza au Kizingitini kwenyewe. Tuuze barafu alfajiri vyombo vikitoka, tununue samaki vikirudi, kwa pesa taslimu, bila kumfunga mtu. Barabara ya kutoka Mokowe mpaka Garsen sasa ina lami, mzigo ukipakiwa jioni vizuri wewe huko unaupokea ungali mgumu. Kinachonitia wasiwasi ni umeme, ukikatika siku mbili tumekwisha. Kwa hiyo niulizie huko bei ya friza za sola, si zile za dukani za kuwekea soda, na uniulizie mafundi wake wanapatikana wapi.

Matlai, upepo wa kati ya kusi na kaskazi, ndiyo hii imeingia, kaskazi iko njiani. Tukichelewa tutaanza na kusi, na hilo sitaki. Nijibu kwa simu tu, usingoje msafiri.

Shamba la minazi la babako nimelipitia, limefyekwa, ila yule jirani kasogeza ua wake tena. Njoo uliseme mwenyewe, mimi hanisikii.

Wasalaam,
Nduguyo wa Langoni