Njia ya Tour de France isipimwe kwa urefu wa milima peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie njia ya mbio za baiskeli za Tour de France za mwaka 2026, zitakazoanza Barcelona, Hispania, tarehe 4 Julai na kumalizikia Paris tarehe 26. Wapenzi wa mchezo huu hapa Mbeya tunaizungumza sana njia hiyo, lakini karibu kila mazungumzo huishia kwenye jambo moja, kwamba mlima wa Alpe d'Huez, ulioko kwenye milima ya Alps nchini Ufaransa, utapandwa siku mbili mfululizo, na wengi wanaamini kuwa hilo peke yake linatosha kuyafanya mashindano yawe makali. Mimi siamini hivyo.

Alpe d'Huez ni mlima mgumu kweli. Una kilomita zipatazo 14, kona 21 na mwinuko wa wastani wa asilimia nane. Asiyeufahamu na aukumbuke mlima Kitonga, ambako malori hupanda kwa gia ya chini kabisa, kisha aongeze uchovu wa wiki tatu barabarani. Hata hivyo, mlima huohuo unaweza kuamua mashindano au usiamue chochote, kutegemea kilichoutangulia na kinachoufuata.

Hatua ya 19, yaani mbio za siku ya 19, siku ya Ijumaa, inatoka mji wa Gap, ina kilomita 128 tu, na inaupanda mlima kwa upande wa zile kona 21. Kesho yake waendeshaji wataondoka Le Bourg-d'Oisans, chini ya mlima uleule, na kuzunguka kilomita 171 kupitia milima ya Croix de Fer, Télégraphe na Galibier, kabla ya kurudi juu kwa njia ya nyuma ya Sarenne. Siku hiyo watapanda jumla ya mita zipatazo 5,600, na Galibier peke yake unafika mita 2,642 juu ya usawa wa bahari, kimo kinachokaribia cha Mlima Loleza tunaouona juu ya jiji letu. Ni kiongozi gani mwenye busara atakayemaliza nguvu zake Ijumaa, huku akijua Jumamosi hiyo inamngoja? Nahofia kwamba siku ya kona 21, ambayo mashabiki wameingoja kwa hamu, itaachiwa kundi dogo lililotangulia mapema, huku wakubwa wakichungana nyuma. Ingefaa hatua ile ndefu itangulie, ile fupi ifuate, ili anayepanda kona hizo asibaki na kesho ya kuitunzia nguvu isipokuwa Paris.

Kasoro ya pili ni uchache wa kilomita za kushindana na saa, ambako waendeshaji huondoka kwa zamu na kupimwa kwa muda wao. Hatua za milima ni nane, lakini mbio za mtu mmoja mmoja dhidi ya saa ni kilomita 26 tu, kutoka Evian hadi Thonon katika hatua ya 16, ukiacha zile za timu za siku ya kwanza. Mtu kama Remco Evenepoel, bingwa wa Olimpiki wa 2024 katika aina hiyo ya mbio, akipoteza dakika milimani hatakuwa na mahali pa kuzirudisha. Njia hii inampendelea Tadej Pogačar wa Slovenia, ambaye amekwisha kushinda mara nne bila kuhitaji upendeleo wa mtu yeyote.

Nasifu kwamba milima ya Pirenei, iliyo mpakani mwa Hispania na Ufaransa, inaanza mapema, siku ya tatu, kwa kuwa hakuna atakayepata wiki nzima ya kujificha ndani ya kundi. Lakini hatua ya sita, baada ya mlima mrefu wa Tourmalet, inamalizikia Gavarnie kwa mwinuko wa polepole, na atakayetoroka Tourmalet ataweza kukamatwa kabla ya mwisho.

Ndugu Mhariri, kurasa zetu za michezo hutupa jina la mshindi na muda wake, basi. Naomba safari hii mchapishe pia mchoro wa miinuko ya kila hatua, asubuhi kabla haijaanza. Tangu Biniam Girmay wa Eritrea ashinde hatua tatu na jezi ya kijani, anayopewa mwenye pointi nyingi zaidi, mwaka 2024, wapo vijana huku wanaopanda barabara ya Chunya kwa baiskeli wakiwa na nia ya dhati ya kushindana, na mchoro huo utawasaidia kuelewa ni wapi bingwa hushambulia na ni wapi husubiri.

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya