Bosi naye akubali kufundishwa

Mhariri, naomba nafasi kidogo niseme hili maana limenikaa moyoni muda mrefu. Mtu akishapewa cheo tu tunaona ndo kamaliza kusoma, na yeye mwenyewe anaona hivyo hivyo, shida inaanzia hapo.

Niliwahi kuwa chini ya bosi mmoja mchapakazi kweli, ulipoletwa mfumo mpya wa kompyuta wa kutunza kumbukumbu sisi wote tukafundishwa, yeye akakataa kukaa na vijana akasema nyie mtaniletea ripoti. Basi ikawa anasaini vitu asivyovielewa, ukimuuliza anakuwa mkali, makosa yakapita mbele ya macho yake miezi na miezi na yalipokuja kugundulika aliyebebeshwa lawama ni karani. Iliniuma sana ile. Akili alikuwa nazo, ila aliogopa kuonekana hajui.

Huwa namfikiria Mandela, kafungwa miaka 27 na bado humo humo gerezani anasoma kwa posta, digrii yake ya sheria kaipata 1989 akiwa mfungwa na umri wake umeshafika miaka 70. Ila mi kinachonigusa zaidi sio digrii, ni kwamba alijifunza Kiafrikana, lugha ya waliomfunga, ili aelewe wanavyofikiri, na mazungumzo yalipokuja alikuwa anawajua anaoongea nao. Mwalimu Nyerere naye akiwa rais katafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, sasa sisi wa idara ndogo tunasemaje hatuna muda?

Na siongelei semina jamani, semina mtu anaweza kwenda kumi akarudi na vyeti na uongozi wake ukabaki ule ule. Naongelea kukaa na timu kazi ikishaisha mkaulizana wapi tumekosea, na aanze kuongea mdogo kabisa, bosi awe wa mwisho, maana bosi akishatoa lake nani tena atasimama kupinga? Hapo ndo atasikia yale ambayo kila siku yanaishia kwenye korido.

Ombi langu ni kwa wanaopandisha watu vyeo. Mbali na vyeti na miaka kazini, muulizeni mtu mwaka huu umejifunza kitu gani ulichokuwa hukijui, na nani alikufundisha. Akikosa kumtaja hata mmoja wa chini yake, msimpe kwanza.

Msomaji wako