Barua ya Wazi kwa Wazazi Mnaogombania Mtoto Mahakamani

Wanangu,

Nawaandikia nyinyi mlioachana na sasa mnavutana mahakamani juu ya mtoto. Nimekaa na wengi wenu kwenye vikao vya usuluhishi, na karibu kila mara nawaona mkiingia na dhana ileile: kwamba hakimu ataamua nani aliivunja ndoa. Sivyo. Hakimu anataka kujua mtoto akae wapi na alelewe na nani ili akue salama.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Uingereza, kwa mfano, mtoto wa ndoa alihesabiwa kuwa wa baba, hadi sheria ya mwaka 1839 ilipomruhusu mama kuiomba mahakama akae na mwanawe aliye chini ya miaka 7. Mwaka 1925 sheria nyingine ya huko ikauweka ustawi wa mtoto mbele ya madai ya wazazi wote wawili. Leo Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, wa mwaka 1989, unataka masilahi bora ya mtoto yazingatiwe kwanza, na karibu nchi zote duniani zimeuridhia. Anayesimama kizimbani na kusema "huyu mtoto ni wangu" ameanza vibaya.

Hakimu huangalia mambo ya kila siku. Nani humwamsha mtoto na kumwandaa kwenda shule? Nani humpeleka kliniki, na anajua dawa yake ya pumu hutumiwaje? Je, ndugu watatenganishwa? Nani yuko tayari kumwacha mtoto ampende mzazi mwenzake bila kununiwa? Hilo la mwisho lina uzito kuliko mnavyodhani. Afisa wa ustawi wa jamii anaweza kutumwa nyumbani kwenu akaone na kuandika ripoti. Fedha peke yake haimpi mtu mtoto, maana asiye na uwezo anaweza kupewa malezi na mwenzake akaamriwa kutoa matunzo.

Niliwahi kuona faili nene la ujumbe wa simu, matusi ya usiku wa manane yamechapishwa na kupigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Mwenye faili alipoulizwa mwalimu wa mwanawe anaitwa nani, alimgeukia wakili wake. Wanangu, hilo liliniuma.

Lakini kama kuna kipigo, vitisho au udhalilishaji, usinyamaze kwa kuogopa aibu ya familia, wala usimsikilize mzee yeyote anayekwambia uvumilie. Sema mapema, peleka ripoti za hospitali na polisi, omba amri ya muda ya ulinzi. Mahakama inaweza kuamuru mtoto aonwe mbele ya msimamizi, au asionwe kabisa. Mkataba ule unampa mtoto haki ya kuonana na wazazi wote wawili, isipokuwa pale inapomdhuru.

Pia unamtaka mtoto anayeweza kutoa maoni yake asikilizwe, na maoni hayo yapimwe kwa umri na ukomavu wake. Haina maana kwamba yeye ndiye anayeamua. Msimkaririshe maneno. Mtoto wa miaka 6 anayezungumza lugha ya hati ya kiapo hujulikana mara moja, na anayeumia ni yeye, kwa sababu amebebeshwa kumkana mzazi wake.

Msichanganye matunzo na kuonana. Mwenzako hajalipa? Rudi mahakamani umdai, usimfungie mtoto. Umezuiwa kumwona? Endelea kulipa, kisha ulalamike. Wala msimvushe mtoto mpaka kwa siri. Mkataba wa Hague wa mwaka 1980 unaziwezesha nchi zilizojiunga kumrudisha haraka mtoto aliye chini ya miaka 16 alikokuwa akiishi, na suala la malezi likaamuliwe huko.

Mkiweza kukubaliana, andikeni makubaliano na muombe mahakama iyape nguvu ya amri. Yataje waziwazi: siku, saa, mahali pa kumkabidhi mtoto, likizo za shule, nani asaini akihitaji upasuaji, nani alipe nini. Hali ikibadilika, kazi ikihama au mtoto akikua, amri inaweza kuombewa marekebisho. Hadi hapo, ifuateni kama ilivyoandikwa, hata siku ambayo hamsemeshani.

Mzee wenu